Taarifa zetu hazisomwi tena: je, tuachane na waandishi wa habari?

SWALI: Mimi ni afisa uhusiano wa taasisi ndogo inayopima macho ya watoto na kugawa miwani. Kwa miaka tisa nimekuwa nikituma taarifa kwa vyombo vya habari, na orodha yangu ina anwani 312. Zamani nikituma asubuhi, jioni habari iko redioni, kesho yake iko gazetini, na simu za wazazi zinaanza kuita. Siku hizi natuma, kimya. Mwezi uliopita gazeti moja kubwa lilituandika vizuri, karibu ukurasa mzima, tukapata simu nne. Mkurugenzi ameona hilo akasema vyombo vya habari vimekufa. Anataka bajeti yote iende kwa vijana wenye wafuasi wengi mitandaoni. Mwenzangu ofisini anasema tatizo ni kwamba tunatuma kwa watu wachache, tuongeze orodha ifike elfu moja. Mimi mwenyewe, nikijichunguza, sijashika gazeti tangu sijui lini. Nani yuko sahihi? Na kazi yangu bado ina maana?

JIBU: Nianze na sentensi uliyoipenyeza karibu na mwisho kana kwamba haina uzito: wewe mwenyewe hujashika gazeti tangu hujui lini. Saa za kazi unamwandikia msomaji aliyeketi na gazeti lake, akilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Ukitoka kazini unapata habari kwa kidole gumba, kipande hapa kipande pale, nusu yake umetumiwa na shemeji yako kwenye kundi la familia. Sikusuti. Karibu maafisa uhusiano wote ninaowafahamu wanaishi maisha hayo mawili, na mimi niliyaishi muda mrefu kabla ya kujishtukia.

Sasa, nani yuko sahihi? Mkurugenzi wako ameiona dalili vizuri, akakosea ugonjwa. Mwenzako amekosea vyote viwili. Na wewe, kazi yako bado ina maana, ila imehama kutoka pale ulipoizoea. Niruhusu nieleze taratibu, maana ukishaelewa kilichotokea kwa msomaji, mengi utayaamua bila mimi.

Tuanze na hili la kwamba vyombo vya habari vimekufa. Taasisi ya Reuters ya utafiti wa uandishi wa habari, iliyo Chuo Kikuu cha Oxford, hutoa ripoti kila mwaka tangu 2012 kuhusu namna watu wanavyopata habari. Mwaka 2018, watu 32 katika kila 100 walisema njia yao kuu ya kufikia habari mtandaoni ni kwenda wenyewe kwenye tovuti au programu ya chombo cha habari. Kufikia 2023 walikuwa wamebaki 22. Wale kumi waliopungua hawakuziba masikio. Wanakutana na habari njiani, wakiwa wanatafuta kitu kingine: kwenye mtandao wa kijamii, kwenye video, kwenye matokeo ya utafutaji, kwenye ujumbe wa rafiki. Nikutahadharishe tu kwamba ripoti hizo huhoji watu wenye intaneti, kwa hiyo mzazi anayeishi na redio yake peke yake hayumo humo. Kama wateja wako wengi ni hao, usiifukuze redio kwa sababu ya takwimu za watu wengine.

Wapo pia wanaozikimbia habari kwa makusudi. Katika ripoti hizohizo, waliosema kwamba huzikwepa habari wakati mwingine au mara nyingi walikuwa asilimia 29 mwaka 2017, wakafika asilimia 39 mwaka 2024. Wanachosema ni kwamba zinawachosha, ni nyingi mno, na zinawaharibia siku. Hilo lisikukatishe tamaa. Anayekimbia habari za vita na ugomvi wa wanasiasa hamkimbii mtoto aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza akagundua kwamba mti una majani mojamoja. Una bidhaa ambayo hata mkwepaji wa habari anaweza kuipokea, mradi imfikie kwa njia aliyoiacha wazi.

Kilichovunjika hasa ni kifurushi. Gazeti lilikuwa kifurushi: matokeo ya mpira, nafasi za kazi, matangazo ya vifo, bei za vitu, na katikati ya hayo yote, habari yako kuhusu macho ya watoto. Yule baba aliyenunua gazeti kwa ajili ya mpira hakukutafuta wewe. Alikupitia tu akielekea kurasa za nyuma, macho yakanasa kwenye picha, akamwita mkewe. Redio nayo ilikuwa vivyo hivyo: mtu anangoja taarifa ya saa mbili kwa ajili ya jambo kubwa la siku, na wewe unaingia dakika ya nane. Simu zako za zamani zilitoka kwa watu hao, watu ambao hawakuwa wakikutafuta.

Leo mpira una programu yake, nafasi za kazi zina tovuti zake, msiba unatangazwa kwenye kundi la ukoo kabla jamaa hajafika nyumbani kutoka hospitali. Kila kipande kimejitenga na kinasafiri peke yake. Mhariri aliyekuandika ukurasa mzima mwezi uliopita alifanya kazi yake vizuri, lakini uwezo wake umepungua: zamani aliweza kukuweka barabarani, sasa anaweza kukuweka rafuni. Anayekuja rafuni ni yule anayejua anatafuta nini. Simu zako nne, nadhani, zilitoka kwa hao.

Upande wa pili wa meza nao umebadilika, na hapa ndipo ushauri wa mwenzako unapoporomoka. Vyumba vya habari vimepungukiwa watu. Kituo cha utafiti cha Pew kilihesabu kwamba ajira za vyumba vya habari nchini Marekani zilishuka kutoka takriban 114,000 mwaka 2008 hadi takriban 85,000 mwaka 2020, yaani pungufu ya asilimia 26. Waliobaki wanaandika, wanapiga picha, wanakata video, wanaweka mtandaoni na kujibu maoni. Niliwahi kukaa pembeni ya mhariri mmoja kwa saa nzima asubuhi, nikimwangalia akifungua baruapepe kwenye simu. Skrini yake ilionyesha vichwa vya ujumbe, na kila kichwa kilikatwa baada ya maneno matano au sita. Ujumbe kumi na mmoja uliofuatana ulianza hivi: TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI KUHUSU... Kuhusu nini, hakuna aliyejua, maana hapo ndipo skrini iliishia. Alivifuta vyote kwa kidole kimoja huku akinisimulia habari za mwanawe.

Ujumbe mwingine, uliofuata, aliufungua. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyoskaniwa, ina mhuri na sahihi ya mkurugenzi, imelala upande. Maneno yake hayakuweza kunakiliwa. Angetaka kuitumia angelazimika kuichapa upya. Aliniangalia tu. Kama nawe unatuma taarifa hivyo (nakuuliza kwa upendo), acha leo. Andika maneno kwenye mwili wa baruapepe, ambatisha picha mbili zenye maelezo na majina ya waliomo waliokubali kutajwa, na weka namba ya mtu atakayepokea simu. Mhuri ubaki kwenye faili lenu.

Kwa hiyo kutoka anwani 312 hadi elfu moja ni kutwanga maji kwenye kinu. Utafutwa na watu wengi zaidi, basi. Kibaya zaidi, wapokeaji wengi wakikutupa kwenye taka bila kukufungua, mifumo ya baruapepe nayo inajifunza kukutupa huko, na siku una jambo zito, hata yule mmoja aliyekuwa anakusoma hatakuona.

Nakushauri ufanye kinyume, na utaumia kidogo kwa sababu umeijenga orodha hiyo kwa miaka tisa. Ipitie jina kwa jina. Jiulize: huyu aliandika nini mara ya mwisho kuhusu watoto, afya au shule? Kama hukumbuki, nenda ukasome. Ukibakiwa na watu kumi na wawili, uko tajiri. Kwa hao, usitume taarifa ileile kwa wote. Mtangazaji wa redio mpe sauti ya mtoto akisoma herufi za ubaoni kabla na baada ya kuvaa miwani. Mwandishi wa takwimu mpe jedwali la mlichokipima, pamoja na udhaifu wake. Yule wa podikasti ya wazazi mpe mtaalamu wenu wa macho kwa dakika arobaini, aulizwe maswali magumu. Na mpigie mtu simu wakati huna cha kuomba. Ofisi nyingi huruka hatua hiyo ndogo, kisha zinashangaa.

Nipitie kidogo kwenye historia, kwa sababu inaeleza kwa nini taarifa zetu zina sura ile. Inayotajwa sana kuwa ya kwanza ni ile iliyoandikwa na Ivy Lee baada ya ajali ya treni ya Oktoba 1906 karibu na Atlantic City, Marekani. Badala ya kampuni ya reli kuwafukuza waandishi, Lee aliwapa maelezo ya kilichotokea, na gazeti la New York Times liliyachapisha kama yalivyo. Fikiria jinsi ilivyokuwa rahisi: mlango mmoja, bawabu mmoja, na akifungua, mji mzima unaingia. Umbo lote la taarifa tunayoiandika hadi leo, pamoja na ile aya ya mwisho ya kujieleza sisi ni nani, lilibuniwa kwa ajili ya bawabu yule. Bawabu bado yupo. Mji umeanza kupitia dirishani.

Sasa tuifuate habari yako baada ya kutoka gazetini. Mtu mmoja anapiga picha ya skrini ya kichwa cha habari na sentensi mbili za juu. Anaiweka kwenye kundi la wazazi wa darasa la tatu. Jina la gazeti limekatwa. Tarehe haipo. Namba yenu ya simu, ambayo wewe uliiweka kwa uangalifu kwenye aya ya saba, haipo. Mzazi mmoja anauliza, "Hii ni bure kweli?" Mwingine anajibu, "Nadhani ni ya zamani hii." Mazungumzo yanahamia kwenye sare za shule. Baada ya wiki tatu picha ileile inafika kundi jingine, na huko mama mmoja ambaye mwanawe anasogelea runinga mpaka pua inagusa anaitaka sana huduma hiyo, lakini hana pa kupiga.

Hayo hutayaona kwenye ripoti yoyote. Ujumbe wa faragha haupimiki. WhatsApp yenyewe iliwahi kupunguza kasi ya mambo haya: tangu Januari 2019 ujumbe uliwekewa kikomo cha kusambazwa kwa mazungumzo matano kwa mara moja, ili kupunguza uvumi. Lakini kikomo hicho hakikuzuia tabia. Watu wanaendelea kupata habari kutoka kwa mtu wanayemjua, na imani yao iko kwa aliyetuma.

Kwa hiyo, unapoandika, kuna wasomaji wawili. Wa kwanza ni mhariri. Wa pili ni yule mama wa kundi la pili, wiki tatu baadaye, mwenye kipande kilichokatwa kichwa na mkia. Sisi tumezoea kumwandikia wa kwanza tu. Tazama ufunguzi wa kawaida, ambao naamini unafanana na wako:

"Taasisi yetu, ikiwa ni mdau kinara katika sekta ya afya ya macho, leo imezindua rasmi awamu ya tatu ya mpango mkakati wa huduma jumuishi za macho kwa watoto wenye umri wa kwenda shule, katika hafla iliyohudhuriwa na viongozi mbalimbali."

Maneno zaidi ya thelathini, na mama hajaambiwa lolote. Sasa jaribu hivi:

"Kuanzia Jumatatu tarehe 9 Machi, mtoto yeyote wa miaka 5 hadi 12 atapimwa macho bila malipo na, akihitaji miwani, ataondoka nayo siku hiyohiyo. Mzazi aje na mtoto tu. Maswali: piga namba hii."

Ikate popote utakapo. Sentensi ya kwanza ikibaki peke yake kwenye picha ya skrini, bado ina siku, ina umri, ina bei. Namba ya simu iandike pia juu ya picha yenyewe, kwa maandishi makubwa, pamoja na tarehe ya mwisho ya huduma ili kile kipande cha zamani kijitambulishe kuwa ni cha zamani. Ukitengeneza video, iwe fupi, ya kusimama wima, na maneno yaandikwe chini, kwa sababu wengi hutazama bila sauti wakiwa kazini au ndani ya gari. Hotuba ya mgeni rasmi mpe mgeni rasmi, atafurahi nayo.

Mkurugenzi anaweza kusema hayo ni mambo ya mapambo tu. Mkumbushe yaliyolikuta shirika la ndege la United mwezi Aprili 2017. Abiria aliburutwa kutoka kwenye kiti chake ndani ya ndege huko Chicago, na abiria wenzake wakarekodi kwa simu. Siku iliyofuata mkuu wa kampuni alitoa tamko akiomba radhi kwa kulazimika kuwapangia abiria safari upya. Kwa lugha ya ofisi tamko lile lilikuwa la kawaida kabisa. Lakini liliandikwa kana kwamba watu wangesikia habari kutoka kwenye tamko, wakati walikuwa wameshaona mtu akiburutwa kwenye njia ya kati ya viti. Tarehe 11 akalazimika kutoa tamko jingine, la kuomba radhi kwelikweli. Tamko la kwanza siku hizi mara nyingi hufika la pili, na lazima liandikwe na mtu anayejua hilo.

Turudi kwenye pendekezo la mkurugenzi, na nitalipima kwa haki kwa sababu lina ukweli ndani yake. Pew waliripoti mwaka 2024 kwamba watu wazima 21 katika kila 100 nchini Marekani hupata habari mara kwa mara kutoka kwa watu mashuhuri wa mitandaoni wanaozungumzia mambo ya habari. Kwa walio chini ya miaka 30, ni 37. Hiyo ni hadhira kubwa. Na mama kijana mwenye wafuasi elfu ishirini anayezungumza kila siku kuhusu kulea anaweza kukuletea simu nyingi kuliko ukurasa mzima wa gazeti, kwa sababu anaweza kusema, "Jana nilimpeleka mwanangu, hivi ndivyo ilivyokuwa." Kwa jambo dogo, la bure, linalohitaji mzazi afanye uamuzi wa dakika moja, njia hiyo inafaa sana. Ningemfuata huyo kabla ya mwenye wafuasi milioni anayecheza muziki na kutangaza vinywaji.

Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu wa mitandaoni anakukopesha mapenzi ya watu wake. Mwandishi wa habari anakukopesha kitu kingine kabisa, nacho ni uthibitisho: kwamba mtu asiyelipwa na ninyi amewauliza maswali na bado akaandika. Imani kwa habari kwa jumla si kubwa. Katika ripoti za Reuters za 2023 hadi 2025 ni watu wapatao 40 katika kila 100 waliosema wanaziamini habari nyingi mara nyingi. Hata hivyo, ripoti ya 2025 ilipouliza mtu akitilia shaka jambo aliloliona mtandaoni huenda wapi kulihakiki, chombo cha habari anachokiamini kilitajwa kuliko mahali pengine. Kwako wewe hili si nadharia. Siku uvumi utakapoanza kwamba miwani yenu inaharibu macho ya watoto, na uvumi wa aina hiyo huja, mama mwenye wafuasi elfu ishirini hataweza kukutetea. Atafuta video yake alale. Utamhitaji mwandishi mmoja anayeijua kazi yenu tangu zamani, ambaye ukipiga simu saa nne usiku atapokea.

Halafu kuna suala la kiwanja cha kupanga. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa za taasisi na vyombo vya habari, na kurasa nyingi zilizojengwa kwa miaka zikaona wageni wakipungua. Agosti 2023 nchini Kanada, kampuni ya Meta iliziondoa kabisa habari kwenye Facebook na Instagram kwa sababu ya mgogoro na serikali juu ya sheria ya kuitaka ivilipe vyombo vya habari. Wenye nyumba hawakuomba ruhusa kwa wapangaji. Bajeti yote ikiwekwa kwenye uwanja mmoja wa mtu mwingine, siku akibadili kufuli mtalala nje.

Ningekuwa wewe ningemwomba mkurugenzi aanze na theluthi ya bajeti kwa watu hao wa mitandaoni, kwa miezi mitatu, na masharti mawili yasiyojadiliwa. Malipo yakiwepo, mtazamaji aambiwe waziwazi kwamba ni tangazo la kulipiwa. Nchi nyingi zina sheria juu ya hilo, na hata pasipo na sheria, mzazi akigundua baadaye mmempoteza. Na maneno ya kitabibu yapitiwe na mtaalamu wenu kabla hayajarushwa. Lugha, utani na namna ya kusimulia mwachieni mwenyewe. Ukimpa script ya ofisi umenunua sauti yake ukaiziba.

Fedha kidogo itumike kwenye kitu kisichovutia mtu yeyote kwenye kikao: ukurasa wenu wenyewe wa ukweli wa mambo. Injini za kutafutia sasa hutoa muhtasari uliotungwa na akili mnemba juu ya matokeo. Utafiti wa Pew wa 2025 nchini Marekani ulionyesha kwamba mtu akiona muhtasari wa namna hiyo, alibofya linki ya kawaida katika asilimia 8 ya utafutaji. Asipouona, asilimia 15. Na wanaotumia roboti za mazungumzo kupata habari kila wiki walikuwa asilimia 7 katika ripoti ya Reuters ya 2025, na asilimia 15 kwa walio chini ya miaka 25. Bado ni wachache, lakini angalia umri wao. Mzazi wa kesho atauliza swali na kupewa jibu bila kufika kwenu wala gazetini. Mashine hiyo inachota kwenye maandishi yaliyo wazi: jina kamili la huduma, umri, siku, mahali, gharama, jina la mtaalamu na sifa zake, na tarehe ya mwisho ukurasa ulipohuishwa. Yaandike kwa maneno ya kawaida, yasiwe ndani ya picha. Kuandikwa na vyombo vinavyoaminika kunasaidia pia, kwa hiyo ule ukurasa wa gazeti uliozaa simu nne pengine haujamaliza kazi. Lakini akija mtu kukuuzia huduma ya "kuhakikisha mnatajwa" na roboti hizo, mkimbie. Hana uwezo wa kuhakikisha hilo.

Hapo tumegusa kipimo, na kipimo ndicho kinachomgombanisha mkurugenzi wako na waandishi. Zamani tulipima habari kwa sentimita, tukazidisha kwa bei ya tangazo, tukaandika kwenye ripoti kwamba tumepata "thamani" ya fedha kadhaa. Wataalamu wa upimaji wa mawasiliano waliikataa hesabu hiyo rasmi mwaka 2010 katika Kanuni za Barcelona, na bado naikuta kwenye ripoti za mwisho wa mwaka. Mkurugenzi amefanya jambo la maana kwa kuhesabu simu badala ya sentimita. Kosa lake ni kuhesabu simu za siku mbili na kudhani zote zilizaliwa na chanzo kimoja tu.

Weka daftari mapokezi. Kila mzazi anayepiga au kufika aulizwe swali moja: "Ulituona au ulitusikia wapi kwanza?" Kisha la pili: "Na nini kilikufanya uje?" Andikeni maneno yake yenyewe, msimpe machaguo. Utashangaa. Atasema alitumiwa na dada yake, na dada aliona mahali, hajui wapi, ila "ilikuwa kama ya gazeti". Atasema aliona video akapuuza, kisha mwalimu akataja. Fanyeni hivyo kwa wiki sita. Pia tumieni namba tofauti, au linki tofauti, kwa kila njia mnayotumia, ingawa hizo hazitaiona ile picha ya skrini iliyokatwa. Daftari ndilo litakaloiona.

Yapo mambo ambayo hayafai kuamuliwa kwa kusoma majibu kama haya. Mtoto akidhurika, au mzazi akidai amedhurika, usitoe neno hadharani kabla ya kukaa ana kwa ana na mwanasheria na mganga wenu mkuu, na mkae haraka, saa chache, maana ukimya wa siku nzima nao unazungumza. Mnapotaka kutumia picha au simulizi za watoto, mpate mtu anayejua sheria ya taarifa binafsi ya mahali mlipo aitazame fomu yenu ya ridhaa. Fomu nyingi ziliandikwa enzi za gazeti la siku moja, na sasa picha ya mtoto haizeeki. Msemaji wenu kama hajawahi kuhojiwa mbele ya kamera na mtu asiye rafiki, lipeni siku moja ya mazoezi na mkufunzi aliyefanya kazi hiyo ya kuhoji.

Na kabla ya hayo yote, jambo moja la bure. Chagua wazazi wanane waliowahi kuja kwenu, wa umri tofauti, na uwaombe kila mmoja akuonyeshe kwenye simu yake alivyopata habari jana. Usiwaulize wanasoma nini, kwa sababu watakutajia majina ya heshima. Kaa pembeni uangalie kidole kinakwenda wapi. Uwe na mkurugenzi wako, kama atakubali kutoka ofisini.